Jahazi la mwavuli

Sisi ni walimu wa kujitolea wa klabu ya sayansi.

Kwenye mkutano wa wazazi tuliulizwa swali mbele ya watu wote: zile franga 500 za kila familia zilikwenda wapi, na je, ni kweli kwamba walimu walizipeleka Kigali wakanunua gari la kuchezea watoto? Siku ile tulijibu kwa kifupi, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wanataka kwenda kupika. Leo tunajibu kwa kirefu. Jibu ni ndiyo. Tulinunua gari la kuchezea, tena bovu.

Jambo lenyewe lilianzia darasani. Katika kitabu kimoja cha Kiswahili kuna picha ya jahazi la pwani, tanga limejaa upepo. Binti mmoja wa miaka 14 akanyosha mkono: “Mwalimu, upepo unalisukuma kwenda huko. Sasa jioni linarudije nyumbani kama upepo ni ule ule?” Tukamwambia linangoja upepo ugeuke. Akasema, “Na usipogeuka?”

Tulinyamaza. Si vizuri mwalimu kunyamaza, lakini kudanganya ni vibaya zaidi.

Nyinyi mnajua watoto wetu wamezaliwa hapa mlimani. Ziwa Kivu wanaliona kila asubuhi ukungu ukiondoka, lakini wengi hawajatia hata mguu. Mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, ile mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaiona kwa mbali jioni. Ila tanga hawajaliona, maana wavuvi wale wanapiga makasia au wanatia mota. Ndipo tukasema, basi tutengeneze jahazi letu, dogo, tuone wenyewe kama linarudi. Familia 29 zilichanga 500, jumla 14,500. Familia nyingine zilikataa, na mzazi mmoja alimtoa mtoto wake kwenye klabu akisema, “Watoto wana njaa, nanyi mnacheza bato.” Hatukumjibu vibaya. Tangu msaada wa chakula ulipokatwa mwaka 2021 kila mtu anajua franga 500 ni kitu gani ndani ya nyumba.

Mwili wa jahazi tuliujenga hapa hapa kambini kwa wiki tano. Urefu sentimita 80, upana 24. Kwanza tulikata mbavu tisa kwa mbao za masanduku (watu wa pwani wanaziita mataruma), tukazipanga juu ya mti mmoja ulionyooka ambao ndio uti wa mgongo wake, halafu tukazivika vibao vyembamba, kimoja kimoja, tukivilainisha kwa mvuke wa birika ili vikubali kupinda. Tulivunja vingi. Gundi tulinunua ile nyeupe ya maseremala kwa 1,500, na hapo ndipo tulipokosea, mtasikia.

Tanga ndilo lilitusumbua. Kwetu Kongo mtoto akitaka tanga anaokota mfuko wa plastiki, kazi imekwisha. Hapa Rwanda mifuko hiyo ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 2008, na kweli huioni. Kitambaa cha kitenge kinakunywa maji kinakuwa kizito. Basi mama wa yule binti akaja na mwavuli mweusi uliovunjika mbavu. Akasema: “Mia tano sina. Chukueni huu, kitambaa chake bado kizima. Lakini mimi ziwa nililivuka usiku, kwenda tu. Mkitengeneza chombo, kiwe kinarudi.” Akacheka, nasi tukacheka, lakini maneno yake tuliyaandika kwenye daftari la klabu kama sharti la kazi.

Sasa, kwa nini redio? Kwa sababu chombo cha matanga kinataka mtu ndani yake wa kushika usukani na kuvuta kamba ya tanga, na cha sentimita 80 hakibebi baharia. Mtu inabidi akae ukingoni, amri ziende hewani. Na kwa nini Kigali? Kwanza vifaa viko huko. Pili ni maji. Hapa kambini maji tunayapima kwa madumu na hakuna mzazi ambaye angetupa madumu kumi ya kuchezea. Kushuka ziwani nako tuliogopa, maana huko chombo kikikosa kutii kinakwenda zake na michango yenu yote. Kwa hiyo wakati wa likizo ya mwezi wa saba tuliaga, tukapanda basi Karongi walimu wawili na wanafunzi wawili, yule binti na mvulana mmoja, kwa ruhusa ya wazazi wao. Nauli tulilipa sisi wenyewe walimu, haikutoka kwenye michango. Saa tatu hivi hadi Nyabugogo, jahazi limefungwa kitenge juu ya magoti. Abiria mmoja alidhani ni gitaa.

Mjini, duka moja la vifaa vya umeme walituonyesha vimota vidogo vyenye gia ndani, vinaitwa sevo, ndivyo wanavyotumia wenye kutengeneza vyombo vya namna hii duniani. Kimoja cha kugeuza usukani, kimoja cha kuvuta kamba, pamoja na rimoti yake. Bei ilizidi pesa zetu zote mara tatu. Tulirudisha kwa adabu, tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi bila kusema kitu.

Yule mvulana ndiye aliyetuokoa. Karibu na stendi kulikuwa na fundi redio wa kando ya njia, na kwenye rundo lake kulikuwa na gari la rimoti la watoto, limevunjika magurudumu mawili. Mvulana akasema: gari hili linajua vitu viwili tu, kukata kushoto na kulia, na kwenda mbele na nyuma. Na jahazi linataka vitu viwili tu. Kile kimota cha kukata kona kitageuza usukani. Kile cha kwenda mbele na nyuma, ukikifunga kigurudumu cha uzi badala ya tairi, ukibonyeza mbele kitavuta kamba ya tanga, ukibonyeza nyuma kitaifungua, ukiachia kitasimama.

Tulitazamana. Sisi ndio wenye cheti cha sekondari.

Fundi alitaka 5,000, tukamwachia 3,000, na alipoelewa ni kazi ya nini alituongezea gia za plastiki kutoka redio-kaseti ya zamani. Gia hizo ni lazima, kwa sababu upepo ukivuta tanga unavuta na kamba, na mota tupu ingezungushwa kinyumenyume. Gia nyingi zinaipunguzia kasi na kuipa nguvu ya kushikilia. Tena fundi alituuliza kama tunajua nani aliyeanza mambo haya, sisi tukajua: ni Nikola Tesla, mwaka 1898, New York, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, alipoonyesha watu kimashua kwenye bwawa akikiongoza kwa mawimbi ya redio bila waya wowote. Cha Tesla kilikuwa na mota ya kukisukuma. Chetu redio haikisukumi hata kidogo. Upepo ndio unafanya kazi, redio inaomba tu.

Tulifikia kwa shangazi wa mmoja wetu, mtaa wa Biryogo, pale Nyamirambo. Wengi wenu mnaujua. Ndio mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimesemwa tangu enzi za ukoloni, zamani kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Jirani yake shangazi ni mzee aliyezaliwa Ujiji, na ujanani alifanya kazi kwenye vyombo vya matanga ziwa Tanganyika. Watoto wetu shikamoo hawana, huku kwetu tunaamkiana kwingine, lakini pale walifundishwa siku moja tu wakawa wanaipiga kila walipopita: “Shikamoo babu!” “Marahaba wanangu, jahazi linaendeleaje?”

Jahazi lilikuwa linaendelea vibaya. Usiku wa kwanza tulilitia kwenye beseni kubwa la shangazi la kufulia, likaelea zuri, tukalala na furaha. Asubuhi tulikuta limekaa chini ya maji na vibao vya upande mmoja vimefunguka kama maganda ya ndizi. Ile gundi nyeupe, wapendwa, inashika mbao kavu kweli kweli, lakini ikilala ndani ya maji inarudi kuwa uji. Binti alilia. Sisi pia tulitaka kulia, ila walimu.

Mzee aliliinua, akaligeuza mkononi. Akasema mbavu ni nzima, kilichokufa ni nguo, mvueni mumvike tena. Siku mbili tulizozitaka za bwawani zilikwenda kwenye kubandua na kubandika upya, safari hii kwa ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa, 2,500. Mianya mzee alitufundisha kuikalafati: unachukua pamba, unaichovya mafuta, unaisokota, unaishindilia kwenye ufa kwa ncha ya bisibisi isiyo kali mpaka ikatae. Juu yake rangi ya mafuta mara mbili. Wakati tunashindilia alitupa maneno. Kamba inayovuta pembe ya chini ya tanga ni demani. Mti mrefu wa mshazari unaoning’iniza tanga ni foromali. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mawe unayotia tumboni chombo kisiyumbe ni farumi. Na kwenda kinyume cha upepo ni kubisha.

“Kwa hiyo linarudi?” binti akauliza.

“Majahazi makubwa ya Bara Arabu yalingoja, tena miezi,” mzee akasema. “Yalikuja Zanzibar na kaskazi, yakaondoka na kusi. Mwalimu wako hakusema uongo. Lakini chombo kidogo cha mtu mwenye haraka kinabisha. Hakiendi uso kwa uso na upepo, hapana, kitasimama. Kinakwenda bega kwa bega, huku, halafu huku, kama mtu anayepanda mlima mkali.”

Hilo la kupanda mlima watoto wetu walilielewa mara moja.

Tuliweka mawe kama farumi, tukalisukuma tanga kwa kidole: jahazi likalala. Tukaongeza mawe: likazama shingoni na bado likalala. Mzee alishangaa, akasema vyombo vyake havikuwa hivyo. Usiku tulikaa na daftari na hapo tukaona kitu ambacho hatukukijua. Sisi tulichukua chombo cha mita 8 tukakipunguza mara 10 kila upande. Eneo la tanga linapungua mara 100, na kwa kuwa mlingoti nao ni mfupi mara 10, nguvu ya upepo ya kukilaza chombo inapungua mara 1,000. Lakini uzito wa chombo unapungua mara 1,000, na mkono ambao uzito huo unautumia kukisimamisha unapungua mara 10 tena, jumla 10,000. Upepo wenyewe haukupungua, ni ule ule. Basi chombo kidogo kinakuwa dhaifu mara 10 mbele ya upepo wa wakubwa. Wazazi wenye watoto sekondari, waambieni warudie hesabu hii, ni tamu.

Dawa ni kupeleka uzito chini, mbali na chombo. Tulifunga ubao mwembamba chini ya tumbo, kama pezi, unashuka sentimita 30, na mwisho wake vipande vitatu vya nondo ya milimita 16, kila kimoja sentimita 30, karibu kilo moja na nusu. Tulivipata bure kwa wajenzi. Mzee alicheka sana. “Hilo sasa ni papa, si jahazi.” Lakini pezi lile lina kazi ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: linazuia chombo kwenda kando kama kaa. Bana mbegu mbichi ya chungwa kwa vidole viwili. Unaibana ubavuni, yenyewe inaruka mbele. Upepo unabana upande mmoja, maji yanabana pezi upande wa pili, na chombo hakina njia ila kwenda mbele. Swali la darasani tulikuwa tumelijibu, kwenye karatasi.

Siku ya mwisho tulikwenda bondeni, pembeni ya mji, kwenye bwawa la samaki la mtu anayefahamiana na shangazi. Alikubali kwa sharti kwamba tusimwage kitu majini. Bwawa lina upana wa hatua 20 hivi, na rimoti yetu tulikuwa tumeipima njiani, inasikika hatua 25. Kwa usalama tulifunga uzi wa kuvulia nyuma ya jahazi.

Asubuhi hapakuwa na upepo. Watoto wa jirani walikuja, wakakaa, wakachoka, wakaondoka. Saa saba mchana upepo ukaingia bondeni, mvulana akafungua demani, jahazi likaondoka. Wallahi lilikwenda! Tanga jeusi limejaa, halikulala, ng’ambo kwa dakika mbili tu. Tulipiga makofi peke yetu.

Kisha kurudi. Mvulana akabonyeza kuvuta demani, tanga likafunguka zaidi. Akabonyeza tena, likazidi. Tulidhani redio imeharibika. Kumbe wakati wa kwenda alikuwa amefungua mno mpaka uzi ukaisha kwenye kigurudumu, na kigurudumu kilipoendelea kuzunguka kikaanza kuukusanya kwa upande wa pili, hivyo kuvuta kukawa kufungua na kufungua kukawa kuvuta. Tulilivuta chombo kwa uzi wa kuvulia, kwa aibu, tukaongeza mizunguko kumi ya akiba kwenye kigurudumu, tukakubaliana: kufungua ni kuhesabu mpaka tatu, basi.

Safari ya pili alishika binti. Kwenda, dakika mbili. Kule ng’ambo akavuta demani, akageuza usukani, jahazi likaja mshazari vizuri, kisha alipotaka kuligeuzia bega la pili, omo likafika usoni pa upepo likasimama, likatetemeka, likaanza kurudi kinyumenyume. Akajaribu tena, vile vile. Mara ya tatu pezi likashika tope la ukingo. Sisi tulikuwa tumekwisha kushika uzi tulivute. Akasema, “Mwalimu, acha.” Upepo ukalitikisa, likatoka topeni lenyewe, na yeye badala ya kuligeuza kwa mbele akaligeuza kwa nyuma, akalizungusha tezi kwenye upepo kama mtu anayekwepa mlango na kupitia dirishani. Ukigeuza hivyo unapoteza hatua mbili katika kila tano ulizopata. Baadaye mzee alituambia ndivyo mabaharia wa majahazi walivyogeuza, hakuna aliyemfundisha binti. Foromali hatukuweza kuihamisha upande wa pili wa mlingoti kama wanavyofanya wao, kwa hiyo upande mmoja lilikwenda vizuri na upande mwingine tanga lilijibandika kwenye mlingoti likajikokota.

Lilifika miguuni petu baada ya dakika 40. Hatua 20.

Hesabu sasa. Gari 3,000, gundi ya kwanza 1,500, ya pili 2,500, rangi 3,500, betri 1,200, mabaki ya mbao 500, uzi 300. Jumla 12,500. Zimebaki 2,000, ziko kwa mwanafunzi mtunza hazina, na daftari liko wazi kwa mzazi yeyote. Hasara ya 1,500 ya gundi ni kosa letu na tumeirudisha kwa posho yetu, hivyo sandukuni zipo 3,500. Yule mzazi aliyemtoa mtoto wake, tunamwambia nafasi bado ipo. Ziwani hatushuki mpaka wazazi mkubaliane na mpaka tupate uzi mrefu zaidi, kwa sababu hatua 25 kwa Kivu si kitu.

Jioni tuliporudi tulimpelekea mama mwenye mwavuli jahazi lake mlangoni, tukaliweka juu ya kigoda. Akaliangalia mbele, akaliangalia nyuma. Akamwuliza mwanawe lilichukua muda gani.

“Kwenda dakika mbili. Kurudi arobaini.”

“Lakini lilirudi?”

“Lilirudi, mama.”

Akashika tanga, akalipitisha kati ya vidole mpaka akafika kwenye mshono ambao sisi walimu tuliushona kwa mikono yetu. “Nani alishona hivi?” akauliza, na kabla hatujajibu alikuwa ameingia ndani kuchukua sindano.